Kiraka Bila Tundu

Wifi yangu aliingia kwetu Shauri Moyo na miguu ya matope, akaipangusia kwenye kazi yangu ya miezi! Nilikuwa nimeitandaza sakafuni nikate nyuzi: blanketi la vipande vya pembe tatu na pembe nne, mabaki ya mafundi cherehani wa Gikomba, nililolishona kwa mkono.

"Si ni viraka tu?" akasema.

Nikapandwa na mori. "Kiraka huziba tundu. Nionyeshe tundu liko wapi!"

Hata pole hakusema.

Julai, baridi ikiuma, akaja kulala kwetu. Nikampa blanketi jipya la dukani. Langu nikalikunja kitini. Asubuhi nilimkuta amejifunika viraka vyangu mpaka puani.

"Wifi," nikamuuliza, "tundu umelipata?"