Mapipa Mawili ya Chooni

Sikumaliza darasa la sita. Tangu hapo nimefanya kila kazi isiyouliza cheti: utingo wa lori, saidia fundi, muuza machungwa. Kati ya kazi na kazi nilikuwa nalala kwa dada yangu, nyuma ya Kunduchi, na kwa kuwa siwezi kutulia ndani, nilikuwa nazurura mpaka shule ya msingi iliyo mkabala na kwake. Shule ndogo tu, choo kimoja cha wasichana. Niliyoyaona pale yalinipunguzia majuto ya kuacha masomo.

Choo hakikuwa na bomba. Kila mtoto alitakiwa aje asubuhi na dumu la maji, alimimine kwenye pipa. Watoto wa mtaa ule walikuja nalo. Wale wa mbali, walioletwa kutoka Segerea na Buguruni kwa sababu madarasa ya kwao yamejaa, hawakuja nalo, maana hakuna konda anayepakia mtoto na dumu. Basi wenyeji, watu wanaojisifu kwa ukarimu mpaka mgeni anachoka, wakaandika kwa rangi kwenye pipa: WENYEJI. Wakataka kiranja alilinde.

Nilidhani wazazi wa mbali watawaonea aibu. Wapi! Walinunua pipa lao jipya, lenye mfuniko, wakamtafuta mtu wa mkokoteni wa kulijaza, nao wakaandika: WAGENI. Kwa herufi kubwa zaidi.

Mpwa wangu, binti wa darasa la tatu, akakosa pipa. Nyumba ya dada iko ng'ambo ya mtaro, na mtaro ndio mpaka wa mtaa. Kwa wenyeji sisi tulikuwa watu wa ng'ambo, ingawa kwenye misiba yao dada ndiye aliyekuwa akisonga ugali. Kwa wageni tulikuwa wenyeji. Anayesikia kengele ya shule akiwa kitandani atakuwaje mgeni? Mtoto alipopeleka dumu lake, kiranja alimwambia akamwagilie maua. Mwalimu wa zamu alikataza madumu kuzagaa chooni: maji yote yaingie kwenye pipa. Pipa gani, hakusema.

Binti akaacha kunywa maji. Chai ya asubuhi akawa anaimwaga kwa siri. Siku moja alishindwa kujizuia, akajikojolea darasani. Kesho yake tulimkuta uvunguni, akisema haendi tena shule, hata apigwe.

Dada akamshika mkono, akaenda naye kwenye kikao cha wazazi. Mimi nilisimama dirishani.

"Wazazi wangu, tuelewane," alisema mwalimu mkuu, na huo ndio ulikuwa mchango wake wote.

Mwenyekiti wa kikao, mwenyeji mwenye duka la mtaani, akaamuru wenyeji wakae huku, wageni kule. Watu wazima wakahama na viti vyao. Dada akabaki katikati na mwanawe.

"Mama, sogea kwenu," mwenyekiti akasema.

"Kwetu wapi?"

"Ng'ambo si kwetu sie!" akadakia mama mmoja wa wenyeji.

Baba mmoja wa upande wa pili, anayezungusha funguo za gari kidoleni, akacheka. "Sista anakuja kwa miguu huyo. Msitubebeshe."

"Mwanangu anabana mkojo kutwa nzima," dada akasema, "nyie mnagawana choo?"

Mtoto akamvuta kanga. Alikuwa amebanwa hapohapo. Wakatoka. Mapipa yalikuwa nyuma ya ukuta, kwa hiyo kikao kilisikia tu kopo likizama na maji yakimiminika.

"Kachota la nani yule?" mwenyekiti akauliza.

"La kwenu. Letu lina mfuniko, tungeusikia."

"Mfuniko wenyewe ule wa sufuria?"

Wakatoka wote kwenda kuhakikisha, na mwalimu mkuu akabeba rula ya ubaoni. Nimeona walevi wakigombania chupa tupu. Walikuwa na heshima kuliko wale. Rula ikatumbukizwa pipa la kwanza, ikatolewa, ikatumbukizwa la pili, kila upande ukiapa kwamba maji yake yamepungua.

Binti akatoka chooni, akanyoosha sketi. "Shikamooni," akasema.

Hakuna aliyeitikia. Walikuwa wanasoma rula.

Jumatatu alirudi darasani. Wao bado walikuwa wanabishana alichota wapi, na kiranja, akikosa jibu kutoka kwa wakubwa, hakujua amfukuze kwenye pipa lipi.