Gari Halijazinduliwa

Alikuwa amelazwa kibarazani mwa ukumbi, kichwa chake juu ya vitambaa vyeupe vya kufunikia viti, mdomo umepinda upande mmoja, na gari la wagonjwa liko hatua nane kutoka miguuni pake. Hatua hizo nilirudi baadaye kuzihesabu kwa makusudi. Gari jipya, matairi bado yana vinyweleo, limefungwa utepe mwekundu kutoka kioo cha huku hadi kioo cha kule, na mbele yake meza ndogo yenye sahani na mkasi. Nikamwambia bwana wa itifaki atufungulie mlango tumpakie mtu. Akanitazama kama nimemwomba kulala kitandani kwake. "Mzee wangu," akasema, "gari halijazinduliwa." Basi huyo aliyelala pale ndiye ninayemkumbuka leo, na ambaye hakusikia tangazo la msiba kanisani Myamba, asikie hapa.

Jina lake silitaji kwa sababu sikumwomba ruhusa mjane wake, na tena wengi wetu hatukulitumia. Tulimwita Mgeni Rasmi. Alikuwa mhudumu wa halmashauri mpaka alipostaafu, na kila madiwani wapya walipoingia aliitwa ashuke kutoka milimani kuja kupanga siku ya kufungua baraza, maana yeye ndiye aliyejua joho gani limeliwa na mende, sheikh anakaa wapi na mchungaji anakaa wapi ili asiwepo wa kununa, na kipaza sauti kipi kinapiga yowe ukikigusa. Halmashauri yenyewe nayo siitaji. Ninachotafuta ni jina la mtu, si la ofisi. Mimi nimeishia darasa la saba, kazi yangu ni kufunga mahema na kubeba viti, na safu hii nilipewa kwa sababu mhariri alichoka na barua zangu. Miaka yote hiyo mahema yale nilikuwa nafunga mimi, kwa hiyo ninayoyasema sikusimuliwa.

Lile jina lilitokana na mazoezi. Siku moja kabla ya ufunguzi lazima mtu ajifanye mgeni rasmi, ashuke kwenye gari, apigiwe makofi, atembee juu ya zulia, akae kwenye kiti kikubwa. Wakubwa hawakutaka kuchekwa, wakamsukuma mhudumu. Kosa lao ni kwamba aliipenda ile kazi. Nakumbuka mwaka mmoja alisimama, akarekebisha miwani yake iliyofungwa uzi, akasema, "Waheshimiwa madiwani, nimefurahi kuwaona na majoho. Naomba kujua, kuna yeyote kati yenu aliyepanda Myamba wakati wa masika akarudi na viatu vyote viwili?" Wapishi ndio walikuwa madiwani wake siku hiyo. Mama mmoja akajibu kutoka nyuma, "Mheshimiwa, mimi nilirudi na cha kushoto." Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Cha kulia tutakiweka kwenye bajeti ijayo. Kaa chini, mheshimiwa, usisimame kwa mguu mmoja." Tulicheka mpaka mtu akaangusha sufuria. Kesho yake alikuja mgeni rasmi mwenyewe, akasema maneno mengi zaidi, na viatu havikutajwa.

Jambo lake la pili lilikuwa njia ya mgonjwa. Hili neno ni lake, sijalisikia pengine. Zamani kidogo mama mmoja wa Kihurio alikuja kumwona kaka yake akila kiapo cha udiwani, akashikwa na uchungu katikati ya hotuba, na magari ya wageni yalikuwa yameziba pande zote. Mama yule alipitishwa juu ya vichwa vya watu akiwa juu ya meza ya maua. Alijifungua salama, lakini kuanzia hapo Mgeni Rasmi alikuwa akichora kwa chokaa mistari miwili kutoka mlango wa ukumbi hadi getini, na ndani ya mistari ile hakuruhusu kiti, gari wala chungu cha ua. Gari la wagonjwa la zamani, lile bovu, aliliweka mwisho wa njia, pua imeangalia barabara, dereva ndani. Ukiweka hata kreti ya soda pale alikuwa akikwambia taratibu, "Mdogo wangu, hapo analala mgonjwa."

Safari hii kulikuwa na kamati mpya ya maandalizi, watu wa suti nyembamba na simu mbili mbili. Bwana wa itifaki alipoiona ile chokaa akauliza, "Hii nini?" Akajibiwa ni njia ya mgonjwa. "Mgonjwa gani? Kwenye orodha ya walioalikwa kuna mgonjwa?" Wenzake wakacheka. Wakafagia chokaa, wakapanga pale viti vya wageni maalumu. Gari la zamani lilikuwa limekufa kabisa, na lile jipya lilikuwa limefika wiki kadhaa nyuma, limeegeshwa chini ya turubai likisubiri siku ya ufunguzi ili mgeni rasmi apate kitu cha kukata. Wiki hizo zote wagonjwa wa milimani wameshushwa kwa bodaboda, mmoja mbele, mmoja nyuma, mgonjwa kafungwa kanga katikati. Kwenye mazoezi mzee alilizunguka lile gari, akainua vidole viwili kama mkasi, akaukata utepe kwa hewa. "Kacha," akasema. "Nimelizindua. Lianze kazi leo." Watu wakapiga makofi, na bwana wa itifaki naye alipiga.

Siku yenyewe alisimamishwa juani tangu asubuhi, kwa sababu kamati ilimwambia wahudumu wasionekane wamekaa. Mtu mwenye presha, amepita miaka sitini. Upepo wa Same mnaujua, unakausha mtu kama kaniki kwenye kamba. Kwenye saa tano akaniambia mkono wake umekuwa mzito, halafu akakaa chini bila kutafuta pa kukaa. Ufunguo wa gari alikuwa nao katibu wa kamati, mfukoni, na katibu alikuwa kwenye simu. Akaziba simu kwa kiganja, akasema, "Mgeni rasmi yuko Kifaru, dakika kumi anafika, akishakata tu mnampakia." Kutoka Kifaru hadi pale si dakika kumi hata kwa mwenye king'ora. Nikamwuliza nani kakataza gari lisiguswe. Akanyoosha kidole juu. "Ni maelekezo, kaka." Nikatazama juu, nikaona hema langu.

Tukamchukulia kirikuu, ile pikapu ndogo iliyoleta soda. Ili ifike kibarazani ilibidi tuondoe viti vya wageni maalumu, pale pale palipokuwa na chokaa, na mama wa mapambo akatufuata akisema, "Taratibu jamani, hivyo vitambaa ni vya kukodi." Tulimlaza kati ya kreti. Alinishika shati, hakuweza kusema. Tulipofika hospitali alikuwa ameshakata roho, sijui ni kwenye kona ipi. Daktari hakusema kwamba tungewahi angepona, na mimi sitamsemea. Ninachosema ni kwamba mtu alinyimwa nafasi, na kilichomnyima ni utepe.

Nilirudi kukusanya kamba zangu, nikakuta mgeni rasmi amefika. Mkasi ulifanya kazi, vigelegele vikapigwa, mshereheshaji akatangaza kwamba gari hili litaokoa maisha ya wananchi wetu. Kisha kamati ikapata wazo: gari lisaidie kupeleka maiti Myamba, na mpiga picha awemo. Mjane aliwasikiliza mpaka mwisho, akawajibu kwa upole, "Liacheni, baba zangu. Lisije likachafuka." Mumewe alipanda mlima kwenye lori linaloshusha tangawizi, na sisi tulikaa pembeni mwa jeneza tukinuka tangawizi njia nzima.

Tumekuwa watu wa kufungua vitu. Choo cha shule kimekamilika, watoto wanaingia vichakani, mlango umefungwa kufuli mpaka aje mtu na msafara. Bomba la maji limefika kijijini, limezibwa kwa kitambaa, akina mama wanalipita na ndoo kichwani kwenda mtoni. Ukiuliza unaambiwa bado halijazinduliwa, na anayekuambia hana hata aibu, anasema kama mtu anayesema mahindi bado mabichi. Na baraza tunalolifungua kwa nguo zote hizo, mazulia yote hayo, kazi yake kubwa kwa mujibu wa hotuba zao wenyewe ni kusimamia huduma kwa wananchi. Siku ya kwanza ya kazi hiyo, mwananchi alilala hatua nane kutoka kwenye huduma.

Nami sijitoi. Kiunoni nilikuwa na kisu cha kukatia kamba za hema. Utepe ule ulikuwa kitambaa laini, ungekatika mara moja. Sikuukata. Niliogopa kuharibu shughuli ya watu, mimi mfunga mahema, nikaenda kubembeleza ufunguo. Hilo ni langu, na mjane nimekwisha kumwambia kwa mdomo wangu. Alinisikia, akaniongezea uji.

Sasa wengine waseme ya kwao. Bwana wa itifaki alifagia njia na akakataa kutufungulia mlango. Katibu wa kamati alikaa na ufunguo mfukoni. Aliyekaa kiti cha mbele, mwenyekiti wa kamati, alituona tukimbeba na akageuza shingo. Hao nimewaona. Nisiyemwona ni huyo wa juu ya hema, mwenye maelekezo. Baraza litakaa tena, na wananchi tunaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Nitakaa nyuma, na mjane atashuka Myamba akae mbele yangu. Nataka mwenyekiti wa baraza asimame na joho lake amtaje mtu aliyeagiza kwamba gari la wagonjwa lisibebe mgonjwa mpaka likatwe utepe. Na huyo mtu akisimama kujibu, asianze na salamu za pole. Aanze na jina lake.