Bibi harusi hainui kichwa: nilivyotandika shuka jeupe Kasulu wakasema ni sanda

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Leo napandisha uzi nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Anayetaka kuamini aamini, asiyetaka apite kimya kimya.

Kuna jamaa kaandika humu kwamba wapiga picha wa mikoani hatujui kazi, eti maharusi wetu wanatoka weusi tii usoni kwa sababu tunatumia kamera za bei poa. Nimesoma nikacheka kwa uchungu.

Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa Kibondo, kazi ya picha naifanyia Kasulu mjini. Mkasa huu ni wa 2014.

Kwanza mjue jambo moja. Kwetu Buha, kwa sisi Waha wa Kigoma, bibi harusi hainui kichwa. Anatoka kwao ameinama, anaingia kwa mume ameinama. Akichekacheka watu watasema alikuwa na haraka ya kuondoka. Ni heshima kwa mama yake, msije mkadhani analazimishwa kuolewa.

Sasa mpeleke kwenye jua la mchana. Mwanga unatoka juu, shela limemfunika, kichwa kiko chini. Uso wote unabaki kivulini.

Wapiga picha wengi walikuwa wakipayuka tu, "Bibi harusi, inua kichwa." Mashangazi wanakataa, basi jamaa wanapiga hivyo hivyo na kwenda kula pilau.

Siku chache kabla ya harusi yake, binti mmoja wa njia ya Kabanga, nimwite Esta, aliniita kwao. Akanionyesha picha ya harusi ya dada yake Vero. Shela safi, maua safi, katikati weusi mtupu. Huyo Vero alifariki wakati wa kujifungua, akaacha mtoto wa kike. Picha ya kumkumbuka ni hiyo moja tu.

"Dada, mtoto akiuliza mama yake alikuwaje, tunamwonyesha shela," akaniambia. "Mimi sitaki wanangu waje kuonyeshwa shela."

Nikamwomba siku hiyo ainue kichwa kidogo tu, mara moja.

"Siwezi kumwaibisha mama. Kichwa kitakuwa chini. Wewe ndiye mwenye kamera, tafuta namna."

Hapo ndipo nilipoanza kuijua kamera yangu, maana kabla ya hapo nilikuwa nabonyeza tu.

Kamera ni chumba chenye giza. Kina tundu la kuingizia mwanga, unaweza kulipanua au kulibana. Kina pazia, ndiyo shata, unaamua likae wazi kwa muda gani. Halafu kuna ISO, ambayo ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Ukiipandisha sana inaona hata penye kiza, ila picha inajaa chengachenga. Ni hayo matatu, mengine mbwembwe.

Ukiiacha kwenye auto inajiamulia. Inaona shela jeupe limejaa mbele yake, inadhani mwanga umezidi, inabana. Shela linatoka zuri, uso unakufa. Kamera haijui nani anaolewa.

Nikamchukua shoga yangu nikamfunika chandarua, nikamwambia ainame, nikajaribu flash. Mwanga ukagonga chandarua ukarudi mweupe, uso nyuma yake haupo. Nikazima flash, nikapanua tundu. Afadhali, ila kidevu chote kikawa chekundu. Nikashangaa, kisha nikaangalia chini. Udongo wetu huo. Mwanga unadunda, ndugu zangu, na ukidunda kwenye udongo mwekundu unarudi na wekundu wake.

Basi nikasema, udunde kwenye cheupe.

Siku ya harusi, baada ya ibada, nikatandika shuka jeupe mbele ya miguu ya Esta. Mwanga ukapanda hadi ndani ya shela, ukamkuta hapo hapo alipoinamia.

Shangazi yake mkubwa akanijia. "We binti, unamtandikia mtoto wetu sanda?"

Mjumbe wa kamati ya harusi akaniambia nitoe shuka niwashe flash kama wenzangu. Shangazi nilimwelewa, nyumba ile ilishazika binti mmoja. Lakini nilimwona Esta anavyoyabana yale maua kwa vidole, na bibi harusi hawezi kujitetea siku ile.

"Shangazi, shuka halitoki."

"Oya. Litatoka, au utoke nalo," mjumbe akadakia.

Wakuu, nikavua viatu, nikalala chali juu ya lile shuka na gauni langu la kutokea. Nikasema, "Kama ni sanda, basi ianze na mimi. Mnaniona nahema. Sasa naomba nifanye kazi yangu."

Wengine walicheka, wengine wakasema huyu wa Kibondo kachanganyikiwa. Sikujali. Nikakaa ukingoni mwa shuka, nikaitoa kamera kwenye auto, nikapima mwanga wa uso peke yake. Shela nikaliacha liungue kwa mwanga kama linataka kuungua. Nikapiga.

Nikampelekea shangazi kamera. Akatazama kioo muda mrefu, akamwita mama yake Esta. Mama alipoona akakaa chini kwenye nyasi na kitenge chake kipya.

"Huyu si ndiye Vero kabisa?" akasema.

Shangazi hakuniomba radhi, wala sikuhitaji. Alifuta kioo kwa pembe ya kitenge akasema, "Mleteni mtoto aone mama yake alivyofanana."

Mtoto akaletwa. Akaangalia, akauliza mbona ameinama.

"Anatuheshimu," shangazi akamjibu.

Nilichojifunza ni kwamba usimlazimishe mtu abadilike ili kamera yako imwone. Kamera ni yako, mwanga unahamishika, hangaika wewe. Kasulu wananiita Mama Shuka. Waniite. Natandika kila harusi.

Wewe jamaa wa kamera za bei poa, shuka hapa chini tubishane. Mafundi wenye mbinu zenu leteni, najifunza bado. Ila atakayeandika kwamba bibi harusi angeinua tu kichwa, huyo msimjibu. Niachieni mimi.