Kompyuta za Paulina Hazitoki Darasani

Nimegoma kuamini. Nimefika kijijini kwao Tlawi, nimetupa udongo kaburini kwa mkono wangu huu, na bado nimegoma. Kifo nacho sikipi shikamoo, kiende zake.

Paulina, fundi kompyuta wa Mbulu mjini, ametutoka kwa homa ya mapafu. Mtu aliyekuwa anafungua madirisha ya ofisi asubuhi ya baridi kali, halafu anatuambia tumezidi kudeka! Jamani.

Kwa msiomjua: ndiye aliyetengeneza ile editor nyepesi, programu ya kuandikia, iliyo kwenye kompyuta kuukuu za shule zetu. Programu za kisasa hazifunguki kwenye mashine zile. Ya kwake inafunguka kabla hujakaa vizuri.

Tulikutana kwa ugomvi. Mimi Zuhura, mwalimu wa hesabu niliyeletwa sekondari ya Hirbadaw na ajira, nilikuwa natunga mtihani. Nafuta swali, halitoki kwenye kioo. Nafuta tena. Lipo! Nikafuta kwa hasira. Nilipochapisha, nusu ya mtihani haipo.

Nikaifunga CPU, lile boksi la kompyuta, kwa kanga, boda mpaka barabarani, basi mpaka Mbulu, njia nzima napanga maneno ya kumwambia huyo fundi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Sikuja kusalimiana."

"Utakaa kwanza, dada. Umetoka mbali. Chai hii hapa."

Maneno yangu yote yakaishia kwenye kikombe.

Akaiwasha, akaangalia. "Swali lilifutika mara ya kwanza tu, baada ya hapo ulikuwa unafuta mengine," akasema. "Kioo ndicho hakikuchorwa upya. Kimekudanganya." Alikasirika kuliko mimi! Wengine wangesema ni kosa dogo la display. Paulina alisema anayeandika anaamini anachokiona, na ukimdanganya hapo umemdhulumu.

Nilibaki kumtazama akirekebisha. Jumamosi iliyofuata nikarudi, nikaanza kujifunza. Nilimzidi umri, lakini huruma hakuwa nayo hata kidogo.

Compiler, ile inayogeuza code uliyoandika iwe programu ya kutumika, ikikataa inamwaga makosa kioo kizima. Mimi nilikuwa nakimbilia la mwisho kwa sababu ndilo lililo mbele ya macho yangu.

"Dada Zuhura! Ukiingia kwa watu unamsalimia nani kwanza?"

"Mkubwa."

"Basi panda juu. Kosa la kwanza ndilo babu, hao wengine ni wajukuu. Babu akiridhika, watatulia."

Halafu ananisimamisha nilisome kwa sauti, mtu mzima na ushungi wangu, kama mtoto wa chekechea. Nilimchukia kila Jumamosi, na kila Jumamosi nilirudi.

Watu walimwambia aende Dar, kipaji chake kinaozea huku. Aliwajibu, "Dar mafundi wamejaa. Hirbadaw niambieni yuko nani."

Wiki aliyolazwa, ile editor ilianza kusumbua tena. Ukishuka chini haraka, mstari wa mwisho unaonekana mara mbili, na wanafunzi wanafuta wasichotaka kufuta. Alinitumia marekebisho kutoka kitandani, hayajaisha, na voice note ya kukohoa: "Dada, malizia. Halafu usimwambie mama kwamba nafanya kazi."

Sasa sikilizeni. Msiba haujaisha, watu bado wamekaa kwenye mabenchi, mzee mmoja mwenye sauti kwenye mambo ya shule akaniita pembeni. "Mwalimu, zile kompyuta tunazitoa Ijumaa. Aliyeziweza ndiye huyo tumemzika."

"Mzee, kwa heshima zote, hazitoki."

"Atazitengeneza nani?"

"Mimi."

Akatabasamu kwa huruma, ile huruma inayotia hasira. Mama yake Paulina alikuwa karibu, amejifunika shuka. Akasema bila kuinua kichwa, "Mwanangu nimewapa mmzike. Kazi yake sijawapa."

Mzee akarudi kwenye benchi lake.

Nikarudi Hirbadaw, nikamalizia mistari iliyobaki, nikacompile kwenye laptop yangu, yenye compiler mpya kuliko ya Paulina. Aisee! Makosa yalimwagika mpaka nikacheka kwa uchungu. Nikasimama. Nikapanda juu, nikasoma la kwanza kwa sauti, peke yangu chumbani. Code yake ilikuwa inaita kitu cha zamani ambacho compiler mpya haikitambui. Nikakibadilisha, na karibu yote ya chini yakanyamaza. Yaliyobaki niliyamaliza moja moja huku nalia, na sioni aibu kusema nililia.

Ikakubali. Lakini mstari wa mwisho bado ulikuwa unajirudia! Nusura niitupe laptop. Kumbe nilikuwa naamuru kioo kichorwe kabla maandishi hayajasogea. Nikageuza mpangilio, nikajaribu mpaka vidole vikauma. Kioo kikasema kweli.

Leo ni Ijumaa, na nimeshaiingiza kwenye kompyuta zote za shule. Yule mzee amekuja na pickup na amekuta Kidato cha Pili wanaandika. Nimempa shikamoo yake, nimempa kiti, nimemwambia ashuke haraka mpaka mwisho na afute mstari wowote. Amefuta, umefutika. Amefuta mwingine. Wanafunzi wanamwangalia.

Pickup imeondoka tupu.

Nyie mnaosema huku alipoteza muda, njooni mzitoe wenyewe. Mimi nipo, na wapo wanaojifunza. Jumamosi sasa darasa ni hapa hapa Hirbadaw, chai ipo, na hakuna kudeka.

Paulina, mdogo wangu, mchana huu limejitokeza kosa jingine. Ukikuza herufi, zinapandana. Najua ungekuwa umeshavuta kiti.

Lala salama, usiamke kwa ajili yake. Hili ni langu.