Sahihi ya Marehemu Paluku

Mwanangu, siku ile ya mahakamani Beni haijanitoka akilini, ingawa siku hizi nasahau hata mahali nilipoweka miwani yangu. Nilikuwa kijana, katibu wa wanachama wa koperative yetu ya akiba huko Butembo. Wasimamizi wa mabenki walikuwa wametuma mtu kutoka Kinshasa kuichukua. Alibadilisha kufuli, akaifukuza kamati tuliyoichagua, bila kutusikiliza hata dakika moja. Tukaamua kushtaki. Haki ilikuwa yetu, na mpaka leo nasema hivyo.

Ili tushtaki, zilitakiwa sahihi za nusu ya wanachama. Muda ulikuwa unakwisha, na sahihi moja ilipungua. Katika daftari nikaliona jina la Papa Paluku, mfanyabiashara wa kahawa, aliyefariki miezi mitano nyuma. Kwa desturi yetu kilio chake kilikuwa hakijamalizwa, na nyumbani kwake kiti chake kilikuwa bado mahali pake. Basi nikajiambia, bado ni mwanachama. Nikamtilia sahihi. Huo ndio werevu wa ujana!

Siku ya kesi, karani alituita mmoja mmoja. Nilikusudia kusema Papa Paluku ni mgonjwa. Jina lake likaitwa, na kabla sijafungua mdomo, sauti nzito, yenye kikohozi chake kile kile, ikajibu kutoka benchi la nyuma: "Niko."

Tuligeuka. Benchi lilikuwa tupu. Karani mwenyewe aliweka kalamu chini.

Mjane wake, Mama Kavira, alisimama polepole, akamgeukia hakimu. "Juge, ile ni sauti ya bwana yangu. Lakini miye nilimuzika kule Luofu." Kisha akanitazama. "Ni weye ulimuita, mutoto yangu? Hapana ogopa batu. Sema."

Nikasema. Kesi ikatupwa siku hiyo hiyo, na koperative ikabaki mikononi mwa yule mgeni. Wanachama wote walishindwa kwa kosa langu. Nje, Mama Kavira hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu: "Weye ulimuamusha. Twende ku kaburi, umuambie alale."

Nilikwenda Luofu, nikapiga magoti kwenye udongo, nikaomba msamaha. Hakuna aliyejibu. Sijawahi kuushukuru ukimya namna ile.

Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi. Ukiwa na haki, ipiganie mahakamani hata mbele ya wakubwa, usiogope. Lakini ikipungua sahihi moja, nenda ukabishe mlango wa aliye hai, hata kama atakutukana. Mungu akulinde, aubariki mkono wako, na wafu wako walale salama.