Kipaza Sauti Kifuani Mwangu

Nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa. Siku mjukuu wangu anaolewa hapa Njombe, mpiga video alinibana kipaza sauti kidogo kifuani, kwa ajili ya baraka zangu.

"Bibi, sema kitu nipime sauti."

Nilitaka wakwe waone binti katoka kwa watu wenye adabu, nikanong'ona. Akazungusha kitufe kwa mkono, akaongeza sauti mpaka mwisho.

Ukungu ukashuka kwenye miti ya miwati, bibi harusi akaelea humo kama wingu lililovaa viatu. Kamera ikamfuata. Mimi nilijua mashine husikia kule inakotazama tu, basi nikamwambia dada yangu ya moyoni.

Juzi wakwe wakatualika Makambako kuutazama mkanda. Nikakaa mbele kabisa, shingo juu. Kwenye runinga ukungu ulitambaa, kwaya ikasikika kwa mbali kama ndotoni. Ghafla sauti yangu ikanguruma:

"Kijana mzuri, ila masikio! Ya sungura kabisa. Watoto wakiyarithi, tutawavika vilemba tangu kuzaliwa!"

Mama wa bwana harusi alikuwa akinimiminia chai. Akaweka birika chini. Polepole akavuta kitenge, akafunika masikio yake.