Didier Nkulu Anatubu Kila Jumapili

Chisense, dagaa wa ziwa letu, huvuliwa usiku, kwa taa, kwa hiyo sisi wavuvi wa Kashikishi, upande wa Zambia, usiku wetu wa kunywa huanza saa tatu asubuhi. Mgeni akipita anaona watu wazima wamekaa na chupa wakati watoto wanakwenda shule, anatikisa kichwa. Atikise. Mtu aliyekesha ziwani akivuta wavu, kwake jua likichomoza ndiyo Ijumaa jioni.

Meza yetu ilikuwa ya watu watatu, kwa Ba Mayo Ireen, mama mwenye baa, chumba cha rangi ya buluu nyuma ya soko la samaki. Wa kwanza mimi, Guy, mvuvi. Wa pili Boyd, karani wa ofisi moja ya mjini ambayo sitaitaja, kwa sababu bado wanamlipa. Boyd hakuvua kitu isipokuwa koti. Kila asubuhi aliwaaga wenzake kwamba anakwenda kwenye mkutano, na mkutano wenyewe ulikuwa sisi. Wa tatu Didier Nkulu, ambaye habari hii ni yake.

Didier alizaliwa Kilwa, upande wa Kongo. Mwaka wa 2018 alivuka na mkewe Régine wakapokewa Mantapala, makazi ya wakimbizi, wakapewa shamba. Akalima msimu mmoja, akaona jembe na yeye hawaelewani, wakashuka ziwani. Hapa akawa fundi wa injini za boti. Injini iliyokuwa inakohoa tangu Pweto ilikuwa ikifika kwake inaanza kuimba. Mimi ni mdogo kwake, nilimwita yaya, kaka mkubwa, na nilimpenda kwa sababu mbili: mikono yake na mdomo wake. Kwa mikono alitengeneza, kwa mdomo alisimulia. Alikunywa bia ya Tembo kwanza, ya kufungua koo, halafu Ba Mayo Ireen aliinama chini ya kaunta na kutoa galoni la mafuta ya kupikia ambalo ndani yake hapakuwa na mafuta. Ilikuwa lutuku, pombe kali ya mahindi na mihogo, inayovuka ziwa bila kuonyesha karatasi kwa mtu yeyote.

Siku iliyombadilisha alianza asubuhi na sisi, akaendelea jioni peke yake. Akielekea nyumbani akachoka, akaona chanja cha kuanikia samaki, akapanda, akalala. Alfajiri wanawake wakafika na mabeseni ya chisense mbichi. Kulikuwa bado na giza. Mmoja akammwagia beseni zima kifuani. Didier hakuamka. Walipogundua kwamba ni mtu, wanawake wakashauriana kidogo, kisha wakaendelea kumtandazia vizuri, miguuni na mikononi, maana nafasi ya kuanika ni shida na yeye alikuwa hatumii ya kwake vizuri. Jua lilipokuwa kali, Régine alimwona kwa mbali kwa sababu ya paka waliomzunguka.

Hakupiga kelele. Alimpangusa chisense usoni tu, akasema:

"Didier, leo unachagula. Ao mimi, ao lutuku. Na usijibu sasa, unanuka."

Jumapili ya wiki ile akampeleka kanisani kwa Pasta Bwalya, kanisa la mabati karibu na barabara, ambako Wakongo husali kwa Kiswahili na Wazambia hutafsiriwa kwa Kibemba. Mtafsiri alikuwa Ba Luse, mwalimu mstaafu, mjane, mwanamke aliyenyooka kama rula. Katika maisha yake yote alikuwa hajaonja bia. Didier akaitwa mbele atoe ushuhuda.

Sasa, Didier hakujua kusimulia kitu kwa kifupi. Pasta alitegemea dakika mbili za machozi. Didier alianza na boti la mfanyabiashara mmoja ambaye injini yake aliitengeneza akiwa amelewa.

"Gia niliifunga kinyume," akasema. "Mutu anaweka mbele, boti inaenda nyuma. Na ule baba alikuwa na haraka. Akageuka, akavuka ziwa yote kinyumenyume, uso Zambia, mugongo Kongo. Kufika ng'ambo, batu ba muhuri banamuangalia: huyu anaingia ao anatoka?"

Upande wa Kiswahili wakaanguka kicheko. Ba Luse akatafsiri, na upande wa Kibemba ukaanguka kwa zamu yake. Waliojua lugha zote mbili walicheka mara mbili. Pasta Bwalya aliuma midomo, akatazama sakafu, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Didier alipomaliza alilia kweli, akapiga magoti, akaombewa. Sijui mtu mwingine aliyewahi kutubu akapigiwa makofi.

Jumapili iliyofuata viti havikutosha. Pasta akamwita tena. Didier akasimulia jinsi alivyokesha akilia kwenye msiba usiokuwa wake, akapewa kiti cha mbele kama mjomba kutoka Kongo, na asubuhi akaombwa ahutubie kuhusu marehemu ambaye hakujua hata kama ni mwanamume au mwanamke. Alihutubia. Wafiwa walimshukuru. Jumapili ya tatu akatoa ya chanja. Wakati huo watu walikuwa wanasimama nje madirishani, na wengine walikuwa wa makanisa mengine kabisa.

Mimi na Boyd tulibaki wawili mezani, tukanywa kwa huzuni. Mtu aliyekuwa anatuchekesha sisi bure, sasa anachekesha watakatifu.

Halafu Jumatano moja saa nne asubuhi Didier akaingia. Akaagiza Fanta. Ba Mayo Ireen alimwangalia kana kwamba ameagiza dawa ya mbu.

"Yaya, iko nini?" nikamuuliza.

"Zimeisha," akasema.

"Nini zimeisha?"

"Zambi zangu. Pasta ananiambia, ndugu, ile ya boti batu banaisha kuisikia, hakuna ingine? Mi nilikunywa miaka makumi mbili, Guy, lakini mingi sikumbuki. Zenye nakumbuka zimeisha." Akanyonya Fanta yake. "Munisaidie. Hata moja."

Boyd alikuwa kwenye chupa ya tatu, na moyo wake huwa mkubwa kuanzia ya pili. Akampa ya kwake. Mwaka uliopita alimdanganya mkewe, Beauty, kwamba mjomba wake amekufa Kawambwa. Beauty akalia, akapika sufuria ya maharagwe ya karanga ili Boyd apeleke kwa wafiwa. Boyd akakaa siku tatu kwenye chumba cha nyuma hapa kwa Ba Mayo Ireen, tukala sote maharagwe ya msiba, na siku ya kurudi akajipaka udongo magotini ili aonekane amechimba kaburi.

"Lakini useme ni wewe," Boyd akamwambia. "Jina langu lisitoke."

"Jina yako? Apana, hata kidogo," akasema Didier, na alitimiza ahadi. Jina la Boyd halikutoka. Jumapili ile alitubu kwa niaba yake mwenyewe, kwa uchungu mkubwa, kila kitu: mjomba, udongo, sufuria. Hata karanga hakuziacha.

Alichokuwa hajui ni kwamba Beauty, ambaye husali kanisa lingine, alikuwa amesikia sifa za ushuhuda huu. Alikuwa amekaa mstari wa nne.

Jumatatu asubuhi Boyd alifika baa na begi la nguo. Alikuwa amelala kwenye benchi la ofisi. Didier alikuwa tayari pale na Fanta yake, anangoja kusifiwa.

"Umetubu dhambi yangu!" Boyd akapiga meza. "Mimi ndiye niliyedanganya! Mimi ndiye niliyejipaka udongo! Dhambi ni yangu, na msamaha umepata wewe!"

"Uliniambia nisiseme jina."

"Mambo ya kwangu yanajulikana kwa karanga, si kwa jina!"

Hapo ndipo mlango ukafunikwa na mtu. Tuligeuka. Ba Luse alikuwa amesimama na kitenge cha kanisa, mkoba kifuani, saa nne asubuhi, mbele ya friji ya bia. Boyd akasimama. Mimi nikasimama. Hata Ba Mayo Ireen aliweka kitambaa juu ya galoni.

"Kaeni," akasema Ba Luse kwa sauti ya darasani, nasi tukakaa. Akavuta kiti karibu na Didier. "Ba Didier, mimi ni mwalimu. Siwezi kutafsiri neno ambalo silijui. Kila Jumapili unasema lutuku, lutuku, na mimi kwa Kibemba nasema kachasu, gongo ya hapa kwetu, lakini usoni kwa watu naona si sawa. Lutuku ni nini hasa?"

Didier akajaribu. Akasema inachoma. Inachoma kama nini? Kama petroli. Amewahi kunywa petroli? Ndiyo, kwa bahati mbaya, akinyonya mpira wa tangi. Na tofauti yake? Ba Mayo Ireen akaondoa kitambaa, akamwaga kidogo kwenye kikombe cha chai, akakiweka mezani.

Ba Luse akakivuta kikombe karibu. Akafunga macho kama anayeomba. Akanywa yote kwa mara moja. Machozi yalimtoka jicho moja tu, la kushoto, akalifuta kwa ncha ya kitenge.

"Si kachasu," akasema baadaye. "Kachasu hufika tumboni. Hii imegeuka njiani ikapanda." Kisha akamgeukia Boyd. "Na wewe, wacha kumlaumu. Kwa Kiswahili alisema siku tatu na sufuria moja. Mimi kwa Kibemba nilisema wiki, na sufuria mbili. Beauty alisikiliza kwa Kibemba."

"Ba Luse!" Boyd akashika kichwa.

"Hadithi zake zinaisha mapema," akasema, bila aibu hata kidogo. "Nilikuwa naongeza tangu ile ya boti."

Jumapili iliyofuata mimi na Boyd tulikwenda, kwa mara ya kwanza, tukakaa nyuma karibu na mlango. Régine alikuwa mbele, mgongo wima. Pasta akaita, "Ndugu Didier, Bwana amekutendea nini wiki hii?" Na kanisa zima likaegemea mbele.

Didier akasimama. Kisha akasema polepole:

"Wiki hii sikufanya kitu. Nilitengeneza injini mbili. Nilirudi nyumbani na jua. Régine alipika bukari ya mihogo na samaki, tukakula, tukalala. Na ile ya msiba wa Kawambwa, haikuwa yangu. Nilipika bongo, nilisema uongo hapa mbele ya Mungu, juu nilipenda vile munacheka. Iko hivyo tu."

Niliona Régine ameinamisha kichwa, na mkono wake umefunika mdomo. Tukamgeukia Ba Luse. Alikohoa, akanyoosha kitenge, akaanza kwa Kibemba, na Kibemba changu kinatosha kujua kwamba hakutafsiri neno hata moja. Alisema kwamba wiki hii ni yeye mwenyewe, mtafsiri, aliyeingia baa, saa nne asubuhi, na akaeleza kikombe cha chai, na jicho la kushoto, na jinsi kitu kile kilivyogeuka njiani kikapanda. Upande wa Kibemba walipiga miguu chini. Wazee wa kanisa walishikana. Wakongo waliuliza, "Anasema nini? Anasema nini?" na hakukuwa na mtu wa kuwatafsiria. Beauty, aliyekuwa amerudi mstari ule ule wa nne, alicheka hadi akageuka nyuma, akamwona Boyd, akajaribu kuacha, akashindwa. Boyd alilala nyumbani usiku ule. Kwenye kochi, lakini nyumbani.

Pasta Bwalya tangu siku hiyo amepanga ushuhuda uwe dakika mbili, baada ya sadaka. Viti vinatosha tena. Ba Luse bado anatafsiri, maana hakuna mwingine.

Didier alirudi mezani kwetu, lakini kwa masharti ya Régine: Jumamosi tu, chupa mbili, na yeye mwenyewe awepo. Hatukutegemea lolote kutoka kwa Régine. Jumamosi ya kwanza alimaliza Tembo nne bila sauti kubadilika, akamshinda Boyd kwenye dama, akatuamuru twende tukalale kwa sababu tulikuwa tunarudia maneno.

Desemba ziwa likafungwa, kama kila mwaka, samaki wazae. Bila boti hakuna injini, kwa hiyo wale wawili wakapanda Mantapala kumsaidia dada yake Régine kulima. Mimi na Boyd tuliwafuata Jumamosi moja na chupa kwenye mfuko. Tulimkuta Didier katikati ya mihogo, ana malengelenge, anamtukana panya fulani aliyekula mbegu za karanga. Alimtukana kwa nusu saa, kwa majina ya ukoo wake wote, na Boyd alilazimika kukaa chini matutani kwa kucheka, na hapo chupa zilikuwa bado hazijafunguliwa.